Sarafu ya Ndovu: Kwa Mnunuzi au kwa Mnada?

(Mazungumzo na wanafunzi wa zamani, mkutano wa mwaka, Tabora)



Ndugu Katibu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze juu ya sarafu za zamani, alinipa nusu saa. Nitajitahidi nipunguze, kwa kuwa harufu ya pilau imekwisha kufika hapa ukumbini, nami sina nguvu ya kushindana nayo.

Ombi la Katibu lina sababu yake. Wengi wetu tumefikia umri wa kurithi, na baadhi yetu umri wa kurithisha. Mzee anafariki, sanduku linafunguliwa, na chini ya hati ya shamba na picha za harusi hupatikana kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake sarafu. Kwa kuwa nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la benki na watu wanajua napenda sarafu, huniletea. Swali ni moja siku zote: niuze wapi? Nimpe mnunuzi aliyeko mjini, au niingize kwenye mnada wa mtandaoni ambao mwanangu anausema?

Nitaanza na mji huu tuliosomea, maana sarafu moja inayotafutwa sana katika Afrika Mashariki nzima ilipigwa hapa hapa. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani na sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazikuweza kufika. Serikali ya Wajerumani ikaanza kupiga sarafu zake Tabora, kwenye karakana ya reli, reli ambayo ilikuwa imefika hapa mwaka 1912. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Ikatoka sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai, upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ndogo ya Tabora. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Zilipigwa za aina mbili zinazotofautiana kidogo katika pambo la ukingoni, aina moja 9,803 na nyingine 6,395. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliingia mjini na kazi ikaishia hapo. Pamoja na dhahabu hiyo, karakana ilipiga pia heller 5 na heller 20 za shaba, nyingine kwa maganda ya risasi. Hizo za heller 20 zilipigwa kwa wingi mno, zaidi ya milioni moja.

Basi mnaona, ndugu zangu, mji mmoja, mwaka mmoja, karakana moja. Lakini ndovu wa dhahabu na heller ya shaba haziuzwi kwa njia moja.

Mnunuzi wa sarafu tumwelewe kwanza, maana watu humtukana bila kumwelewa. Yeye hununua leo na kulipa leo. Ukimletea mfuko wa vipande 60, huchukua vyote, vizuri na vibovu. Ikiwa kimoja ni cha bandia, hasara ni yake. Baada ya hapo anaweza kukaa na sarafu yako mwaka mzima au miwili kabla hajampata anayeitaka, na wakati wote huo fedha yake imelala. Kwa hiyo hawezi kukupa bei atakayouzia. Akikupa, ujue kuna jambo. Atakupa nusu, au theluthi mbili, au zaidi kidogo kama anajua sarafu itaondoka upesi. Huo si wizi. Ni bei ya kungoja.

Sharti tu uwe umemwendea mnunuzi wa sarafu kweli. Sonara si mnunuzi wa sarafu. Sonara hununua uzito. Akiiweka ndovu ya Tabora kwenye mizani, huona gramu tano na kitu za dhahabu safi, basi, ndovu hamwoni. Miaka michache iliyopita familia moja ya upande wa Urambo ilinijia, ndugu watano waliorithi kipande kimoja. Mkubwa wao alikuwa amekwisha kukipeleka kwa mtu mmoja katika mji mkubwa, naye akawapa bei ya dhahabu ya siku hiyo, akaongeza kidogo kwa kile alichokiita heshima ya marehemu. Wawili kati yao walitaka kukubali: mmoja alikuwa na ada ya mtoto, mwingine alichoka na maneno. Dada yao ndiye aliyekataa. Alisema kitu ambacho baba hakukiuza wakati wa njaa hakiwezi kuwa na bei ya pete. Kipande kile kilipelekwa kwenye nyumba ya mnada Ujerumani. Walingoja karibu miezi minane, na katika miezi hiyo ndugu wale walifikia mahali pa kutosalimiana. Fedha ilipokuja ilikuwa mara kadhaa ya ile ya sonara, hata baada ya makato yote. Waligawana kwa tano. Ada ya yule mtoto, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kulipwa kwa kuuza ng'ombe wawili, na ng'ombe wale hawakurudi.

Nimeeleza habari ya ng'ombe kwa makusudi, maana wanaosifia mnada husahau kuutaja muda. Nyumba ya mnada hupokea sarafu miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, ili iipige picha, iichunguze na kuiandika katika orodha. Baada ya mnada hungoja mnunuzi alipe, kisha ndipo nawe ulipwe, mara nyingi mwezi mmoja hadi miwili baadaye. Mwenye shida ya kesho asiende huko.

Sasa, huo mnada wenyewe. Upo wa namna mbili, na vijana huuchanganya. Kuna soko la wazi la mtandaoni kama eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, ambako wewe mwenyewe unapiga picha, unaandika maelezo, unatuma na kubeba lawama. Na kuna nyumba za mnada wa sarafu, kama Künker ya Osnabrück au Spink ya London, ambazo siku hizi nazo hupokea bei za wateja kwa njia ya mtandao, lakini sarafu hupita kwanza mikononi mwa wataalamu wao. Kwa vipande vidogo lile soko la wazi linatosha. Kwa ndovu ya dhahabu, mtu wa Tabora asiyejulikana na mtu yeyote, akiiweka mwenyewe sokoni, atapata maswali mengi na bei haba. Mnunuzi wa ng'ambo anaogopa bandia, na ana haki: ndovu za bandia ni nyingi, nyingine zimetengenezwa vizuri sana. Jina la nyumba ya mnada ndilo linaloondoa hofu hiyo, na hofu ikiondoka bei hupanda.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni nani hasa anayepanga bei katika mnada. Hudhani ni yule mwenye fedha nyingi kuliko wote. Sivyo, ni yule wa pili. Tuseme, kwa mfano tu, mzee mmoja wa Hamburg yuko tayari kutoa dola 5,000 na daktari mmoja wa Dallas yuko tayari kutoa 3,000. Sarafu itauzwa kwa 3,000 na kidogo juu yake, kwa sababu hapo daktari ataacha na mzee hana wa kushindana naye. Daktari asipokuwapo siku hiyo, mzee huichukua kwa bei ya kuanzia. Mnada basi unafaa kwa kitu kinachotakiwa na watu wawili au zaidi duniani, tena watu hao wawe wamepata habari. Ndovu ya Tabora inao hao, Ujerumani hasa. Mfuko wa senti zilizochakaa hauna.

Makato nayo tuyatazame. Nyumba nyingi humtoza mnunuzi ishirini kwa mia au zaidi juu ya bei iliyofikiwa, na muuzaji naye hukatwa kamisheni. Watu hufurahi wakisikia mnunuzi ndiye anayetozwa. Jamani, mnunuzi anajua hesabu! Aliyekusudia kutoa 1,200 hutaja 1,000, maana anajua 200 zinakwenda kwa dalali. Wewe ukikatwa kumi kwa mia katika ile 1,000, unabaki na 900, na bado kuna gharama ya kutuma na bima. Katika 1,200 iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi umepata pungufu ya robo tatu. Mfanyabiashara mwema angeweza kukupa 700 au 800 leo hii, bila posta, bila kungoja. Tofauti si kubwa kama inavyosemwa mitaani. Inakuwa kubwa pale tu ambapo mfanyabiashara hajui thamani, au anajua na anatumaini wewe hujui.

Kwa sababu hiyo zile heller 20 za shaba mimi huwashauri watu wamuuzie mfanyabiashara, isipokuwa wawe na subira ya kuzichambua. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na herufi L mbili za neno HELLER zimechongwa kwa namna tofauti tofauti. Michanganyiko mingine ni adimu kuliko mingine, na wapo wakusanyaji wanaozitaka zote. Kijana mwenye simu nzuri na muda wa jioni anaweza kupata faida hapo. Mzee mwenye macho kama yangu, hapana.

Reale zenye sura ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780 huletwa kwangu kila mara, na kila mara mwenyewe anaamini ana kitu cha zaidi ya miaka 200. Reale hizo ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780 muda mrefu baada ya Malkia kufa, Vienna, London, Bombay na kwingineko. Nyingi ni za thamani ya fedha iliyomo, gramu 23 na ziada. Hiyo ndiyo ya kumpelekea sonara bila majuto. Hali kadhalika senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo kabla ya kutawazwa. Habari yake ni tamu, lakini senti zenyewe ni nyingi kama karanga.

Sarafu za kale za Kilwa ni jambo jingine kabisa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na havitolewi nje ya nchi bila leseni. Mtu akikuambia atakuuzia nje kimya kimya, mfunge mlango.

Kabla ya kwenda popote, nawasihi msisugue. Ndimu na majivu vimeharibu fedha nyingi katika nchi hii kuliko wezi. Weusi ule wa miaka 100 ndio unaomwambia mnunuzi kwamba kitu ni cha kweli na hakijaguswa. Pimeni uzito kwa mizani ya sonara anayeaminika. Ndovu isiyokaribia gramu 7.168 isisafirishwe. Pigeni picha pande zote mbili kwenye mwanga wa asubuhi. Makampuni ya Marekani ya kukadiria ubora, PCGS na NGC, huipa sarafu alama kati ya 1 na 70 na kuifunga katika kasha, lakini ada na usafiri wake vinafaa kwa kipande cha bei kubwa tu. Wala msitie sarafu katika barua ya kawaida isiyo na bima. Umoja wa Posta Duniani wenyewe hauruhusu. Na kama warithi ni zaidi ya mmoja, andikeni karatasi, watie sahihi wote, bei ya chini kabisa itajwe humo, kabla sarafu haijaondoka nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya chakula nitakaa chini ya ule mwembe wa karibu na bweni la kwanza, na mizani na kioo cha kukuzia, hadi saa kumi. Walionikabidhi vitambaa vyao asubuhi waje wavichukue wenyewe, wasitume watoto.