Leseni ya Silaha Inapofika Mpakani: Mmiliki Anayesafiri na Sheria za Majirani

Mada kwa semina ya wamiliki wa silaha, viongozi wa mitaa na walinzi wa kampuni binafsi, Bigwa, Morogoro

1. Utangulizi

Swali nililopewa linaulizwa sana na wafanyabiashara, wawindaji na wenye magari ya mizigo. Mtu ana leseni halali ya bastola au bunduki hapa Morogoro. Ada yake ameilipa na silaha yake imesajiliwa. Je, anaweza kuvuka nayo Namanga kwenda Nairobi, au Tunduma kwenda Zambia, kwa leseni hiyohiyo?

Jibu ni hapana. Akivuka bila kibali cha nchi anayoingia, kule anahesabika kuwa mtu mwenye silaha isiyo na leseni, hata kama huku kwetu ni raia mwema. Katika mada hii nitaeleza kwa nini iko hivyo, wenzetu wa mbali wamefanyaje, na sisi tufanye nini. Msimamo wangu nautaja mapema: leseni ya silaha ni ushahidi wa watu wanaomfahamu mwombaji, na ushahidi huo hauwezi kuvuka mpaka kabla ya nchi zenyewe kujenga njia ya kuaminiana.

2. Leseni yetu inavyopatikana

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Ombi la raia huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji, likapita kata, wilaya na mkoa kupitia kamati za ulinzi na usalama, kabla ya kufika kwa msajili wa silaha katika Jeshi la Polisi.

Nawaomba tuitazame kwa karibu hatua ile ya kwanza, kwa kuwa wengi wetu tunaiona kama usumbufu. Ombi linapofika mtaani, mwenyekiti na wajumbe huuliza mambo ambayo hayamo katika kompyuta yoyote. Huyu bwana ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake? Akinywa anakuwaje? Nyumbani kwake kuna amani, au mkewe hukimbilia kwa majirani usiku? Akienda shamba Matombo wiki nzima, bunduki anamwachia nani? Balozi wa nyumba kumi anayajua majibu. Ofisa aliyekaa Nairobi au Lusaka hawezi kuyajua.

Hata baada ya leseni kutolewa, dola haiachi kuangalia. Mwaka 2016 wamiliki nchini kote waliitwa kuhakiki silaha zao, mtu na silaha yake na nyaraka zake. Mara kadhaa baada ya hapo serikali imetangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha haramu, magobole yakiwemo, wazisalimishe bila kushtakiwa.

3. Wageni tunaowapokea wenyewe

Barabara inayoanzia hapa Bigwa kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki inaelekea katika nchi ya wanyama: Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, na Pori la Akiba la Selous. Kwa miaka mingi wageni wamekuja Selous kuwinda kwa bunduki zao wenyewe. Mwindaji wa Ujerumani au Marekani haruhusiwi kushuka uwanja wa ndege na kuonyesha leseni ya kwao basi yakaisha. Kampuni ya uwindaji inayomwalika humwombea kibali cha muda cha kuingiza silaha. Kibali hutaja aina ya bunduki, namba yake na idadi ya risasi, na akiondoka anaondoka na bunduki ileile.

Afrika Kusini nayo ina fomu yake, SAPS 520, ambayo mgeni huijaza na kuitia saini mbele ya polisi anapoingia. Basi tukiombwa kibali na majirani, tusione kwamba tunadharauliwa. Wanatudai kile ambacho sisi tunawadai wengine.

4. Funzo la Marekani

Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina sheria yake kuhusu kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo. Baadhi ya majimbo hutambua vibali vya mengine, na mengine, kama New York, California na Illinois, hayatambui kibali cha jimbo lingine lolote. Kwa sababu hiyo wasafiri wamezoea kuomba vibali katika majimbo wasikoishi. Utah na Florida ndiyo maarufu zaidi: mtu wa jimbo la mbali huhudhuria kozi, hutuma alama za vidole, hupokea kibali, na kwa hicho huongeza idadi ya majimbo anayoweza kupita na bastola yake.

Njia hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, kibali hutolewa na watu wasiomfahamu mwombaji. Utah yenyewe ilikaza masharti mwaka 2011: anayetoka jimbo linalotambua kibali cha Utah sharti kwanza awe na kibali cha jimbo lake. Ya pili, msafiri hubaki na ramani inayobadilika kila mara. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa barabarani New Jersey. Alimwambia askari kwa hiari yake kwamba ana bastola, akakamatwa papo hapo. Alikuwa katika hatari ya kifungo cha miaka kadhaa, na mwaka 2015 ndipo gavana alipompa msamaha. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuyalazimisha majimbo yote kutambuana, lakini haukupita Seneti.

5. Njia ya Ulaya na ahadi yetu wenyewe

Umoja wa Ulaya ulichagua njia nyingine. Kwa agizo la mwaka 1991 ulianzisha pasi ya silaha, kijitabu kinachoorodhesha kila bunduki ya mmiliki. Pasi hiyo imewarahisishia safari wawindaji na washindani wa shabaha, mradi waonyeshe sababu ya safari, kwa mfano barua ya mwaliko. Haimruhusu mtu kutembea na bastola kiunoni katika miji ya nchi nyingine.

Afrika Mashariki tunao msingi wa kujengea. Baada ya vita vya miaka ya 1990 katika Maziwa Makuu kuzagaza silaha hadi vijijini, nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004, na chombo cha kuisimamia, RECSA, makao yake yako Nairobi. Itifaki inadai silaha ziwekwe alama, kumbukumbu zitunzwe, sheria zifanane kwa viwango vya chini, na raia wasimiliki bunduki za kivita. Tanzania imo pia katika itifaki ya SADC ya mwaka 2001 kuhusu silaha. Hakuna mojawapo inayosema kwamba leseni ya nchi moja ni leseni ya nchi zote. Soko la Pamoja lililoanza Julai 2010 limefungua njia kwa watu, bidhaa na mitaji. Silaha binafsi hazimo.

6. Mapendekezo

(i) Mmiliki asiye na sababu ya lazima aache silaha nyumbani, katika kasha la chuma lenye kufuli, au aulize kituo chake cha polisi utaratibu wa kuihifadhi.

(ii) Mwenye sababu, kama mashindano ya shabaha au uwindaji, aombe kibali cha maandishi kutoka nchi anayokwenda kabla ya safari, na kibali cha kuitoa silaha hapa kwetu. Neno la mdomo la rafiki aliye ng'ambo si kibali.

(iii) Anayesafiri kwa ndege aitangaze silaha anapokabidhi mizigo. Iwe haina risasi na ifungwe katika mzigo unaopakiwa chini. Risasi hufungwa mbali nayo, na kwa kawaida hazizidi kilo 5.

(iv) Kampuni za ulinzi zinazosindikiza mizigo zikabidhi kazi mpakani kwa kampuni yenye leseni ya upande wa pili. Mlinzi asitumwe kuvuka na bunduki ya mwajiri, kwani mahakamani atakayesimama ni yeye.

(v) Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze na masjala zinazosomana, kisha ifikirie pasi ya wawindaji na wanamichezo pekee.

7. Hitimisho

Ndugu washiriki, viongozi wa mitaa mliomo humu ndio mlango wa kwanza wa usalama huu. Ombi likiletwa mezani kwenu, msitie saini kwa kuoneana haya. Nanyi wamiliki, kabla ya kufunga mizigo ya safari ya nje, piteni kituo cha polisi muulize. Kuuliza hakuna gharama, na kesi ya silaha katika nchi ya watu ni mzigo ambao familia nzima huubeba.