Kupungua kwa Macho kwa Wadudu Vimelea

Mdudu anayeruka huwa na jozi ya macho makubwa, na kila jicho ni mkusanyiko wa vijicho vingi vyenye lenzi zake. Inzi mdogo wa matunda, Drosophila melanogaster, ana vijicho kama 750 kila upande. Kwa wadudu waliohamia kwenye miili ya wanyama wengine, hesabu hiyo hushuka hadi vichache, hadi kimoja, pengine hadi sifuri. Kushuka huko kumetokea mara nyingi, katika koo zisizo na undugu wa karibu: chawa, viroboto, jamaa za kunguni wanaokaa kwenye popo, na makundi kadhaa ya nzi.

Ukoo unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni ule wa mbung'o. Mbung'o humtafuta mnyama kwa harufu na kwa macho. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja tumboni na kumtoa akiwa amekwisha kukua. Ndugu zake wa karibu, nzi wa familia ya Hippoboscidae, huzaa vivyo hivyo. Hippobosca camelina, msumbufu wa ngamia, ana mbawa na macho makubwa, kwani hutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine kwa kuruka. Melophagus ovinus wa kondoo hana mbawa. Humaliza maisha yake ndani ya sufu, na macho yake ni madogo. Kisha wako nzi wa popo, Nycteribiidae: hawana mbawa, miguu mirefu imewapa sura ya buibui, na kichwa chembamba hukunjwa nyuma kikalala juu ya kifua. Mahali ambapo kwa mbung'o jicho limefunika ubavu mzima wa kichwa, hadubini huonyesha hapa lenzi mbili, au moja, au hakuna kitu.

Hata hivyo, nzi huyo hakai kwenye popo siku zote. Jike hushuka kumbandika buu ukutani, na anayetoka kwenye bundo hulazimika kutafuta popo wake wa kwanza. Katika giza la pango, joto na pumzi ya mnyama humwongoza zaidi kuliko mwanga.

Charles Darwin, mwaka 1859, aliona ni vigumu kudhani kwamba jicho lisilo na kazi linaweza kumdhuru mnyama wa gizani, akahusisha upotevu wake na kutotumika. Kwa lugha ya leo, kasoro za jeni za jicho hazichujwi tena na uteuzi asilia, basi hurundikana kizazi baada ya kizazi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Jicho ni kiungo ghali: kwa nzi wa buluu wa jamii ya Calliphora, retina peke yake hutumia takriban asilimia 8 ya nishati ya mwili uliopumzika. Zaidi ya hayo, jicho lililotokeza ni kikwazo kwa mdudu anayejipenyeza kati ya nywele.

Gharama nayo haielezi kila kitu, maana wapo vimelea waliobaki na jicho dogo. Viroboto wote wamepoteza jicho la vijicho vingi, lakini kiroboto wa paka ana jicho sahili kila upande, nalo lina kazi: mwanga ukikatika ghafla, kama kivuli kinapopita, huamka na kuruka. Yeye hukulia sakafuni, akamngoja mnyama apite. Kwa viroboto wengi wa popo na wa mafuko, jicho limebaki alama tu au limetoweka. Chawa wa binadamu ana lenzi moja kila upande, inayotosha kumwambia aukimbie mwanga. Chawa wa nguruwe hana hata hiyo. Hemimerus, mdudu asiye na mbawa anayeishi kwenye manyoya ya panya buku wa Afrika akila magamba ya ngozi, ni kipofu kabisa.

Mfano mgumu kuliko yote ni Xenos peckii, kimelea wa nyigu. Dume huishi saa chache tu, bila kula, akimtafuta jike. Kila jicho lake lina lenzi kubwa kama 50, na kila lenzi ina retina yake. Jike mzima hana mbawa, miguu wala macho, na mwili wake karibu wote umo ndani ya tumbo la nyigu. Kwake, jeni za jicho hazikuweza kuachwa zioze, kwa kuwa hizo hizo ndizo atakazomrithisha mwana wa kiume. Kilichobadilika ni amri ya kuziwasha: kwa dume ukuaji wa jicho hukamilishwa, kwa jike husitishwa.