Shangingi au Gari la Kuchomeka: Tuzisomeje Takwimu za Mauzo?

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parishi na wafadhili, Buigiri)



Nimeombwa nizungumzie hoja ya baadhi ya wafadhili wetu kwamba parishi isinunue Land Cruiser bali haibridi ya kuchomeka, yaani gari lenye injini ya petroli na pia betri inayochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Ushahidi walioutoa ni mauzo: magari hayo, tumeambiwa, yanayapita hata ya kifahari.

Takwimu zenyewe ni za kweli. Mwaka 2012 huko Marekani ziliuzwa Chevrolet Volt 23,461. Chapa nzima ya Jaguar iliuza magari 12,000 hivi. Land Cruiser, hili tunaloliita shangingi, hazikufika 3,000. Lakini mwaka huohuo Porsche iliuza zaidi ya 35,000. Basi anayetaka haibridi ishinde humtaja Jaguar, na anayetaka ishindwe humtaja Porsche!

Tuangalie na bei. Land Cruiser kule ilizidi dola 70,000. Volt ilikuwa karibu dola 40,000, na serikali ilimpunguzia mnunuzi kodi hadi dola 7,500. Mauzo hayo yanapima mfuko wa mnunuzi, hayapimi barabara za Chamwino. Tena mwaka ule Wamarekani walinunua magari mapya zaidi ya milioni 14, kwa hiyo Volt ilikuwa kama moja katika kila mia sita. Mwaka 2019 General Motors waliacha kuitengeneza. Na usukani wake uko kushoto.

Hata hivyo hoja ya wafadhili isitupwe. Sisi hununua mitumba ya Japani, na kule iko Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, iliyoanza kuuzwa 2013, yenye betri ya uniti 12. Vipimo vya Marekani viliipa kilomita 35 hivi kwa umeme peke yake. Kutoka hapa hadi Dodoma mjini ni kilomita thelathini na kitu. Kwa bei ya TANESCO ya shilingi 356 kwa uniti, safari hiyo ni kama shilingi 4,300. Gari la petroli linalokwenda kilomita kumi kwa lita, tukikadiria lita shilingi 3,000, litakula zaidi ya 10,000. Mhasibu wetu anazijua safari za benki na mikutano ya mjini kwa wiki, azidishe mwenyewe.

Ila hizo kilomita 35 ni za betri mpya. Betri ya miaka kumi haishiki chaji vilevile, na TRA hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari kuukuu, jambo ambalo bei ya mnada wa Japani haionyeshi. Kuhusu kumpeleka mgonjwa Mvumi usiku, betri ikiisha petroli ipo, hapo sina hofu. Hofu yangu ni tope la vijijini wakati wa mvua, na fundi wa kuifungua betri hiyo.

Napendekeza kamati ifanye mambo mawili kabla ya kusaini: ihesabu safari za lami na za vumbi kutoka daftari la dereva, kisha imtake muuzaji atoe kipimo cha betri kwa maandishi. Majibu yakipatikana, ndipo tuwaandikie wafadhili.