Dada Yake Mozart

Twapenda kuwakumbusha habari ya watoto wawili wa mji wa Salzburg. Wengi wamjua Wolfgang Mozart, aliyezaliwa mwaka 1756. Wachache wamjua dada yake, Maria Anna, aliyezaliwa mwaka 1751. Baba yao Leopold alianza kumfundisha binti kupiga kinanda, na mdogo wake akavutwa kwa kumsikiliza. Mwaka 1763 aliwachukua wote wawili kuzunguka miji mikubwa ya Ulaya. Binti alikuwa wa miaka 11, naye alipiga tungo ngumu za mabingwa hata watu wakastaajabu.

Lakini mwaka 1769 baba alikwenda Italia na mwana peke yake. Binti, aliyekwisha kutimiza miaka 18, aliachwa nyumbani pamoja na mama yake. Mwaka 1770 ndugu yake aliusifu wimbo aliotunga yeye. Wimbo huo umepotea, wala hapana utungo wake hata mmoja uliotufikia. Alipokuwa mjane alirudi Salzburg, akafundisha watoto wa wengine kinanda.

Basi, enyi wazazi na waalimu, mkimwona mtoto mwenye kipawa, awe mvulana au msichana, mpeni kazi ngumu, tena mpeni nafasi ya kuitenda.