SAA YA MWISHO NA FARASI WASIO NA MIGUU

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wako watu duniani ambao kazi yao ni kuutazama huo ukingo tu. Ni wale wanaobashiri mbio za farasi. Wao hawamuulizi farasi alianzaje. Wanauliza: kile kipande cha mwisho alikikimbia kwa sekunde ngapi?

Elimu yenyewe si ngumu. Katika viwanja vikubwa vya Marekani, muda huchukuliwa kila robo ya maili, na saa zinazotangazwa ni za farasi aliye mbele. Walio nyuma hukadiriwa kwa macho, yaani wako nyuma kwa urefu wa farasi wangapi. Urefu mmoja huhesabiwa kuwa sehemu ya tano ya sekunde. Basi tuseme robo ya mwisho ilikimbiwa kwa sekunde 25. Farasi fulani aliianza akiwa nyuma kwa urefu wa farasi watano, akamaliza nyuma kwa wawili. Amefidia urefu wa watatu, ambao ni sehemu tatu za tano za sekunde. Kwa hiyo yeye robo hiyo aliikimbia kwa sekunde 24.4. Hakushinda, lakini alikuwa na mbio kuliko mshindi. Mwenye daftari humwandika, akamngoja safari ijayo.

Na wakati mwingine saa hiyo husema kweli tupu. Mwaka 1973, katika mbio za Kentucky Derby, farasi aitwaye Secretariat alikimbia maili moja na robo kwa dakika 1 na sekunde 59.4. Farasi wa kawaida huanza kwa kasi akamaliza amechoka. Huyu alifanya kinyume. Robo ya kwanza sekunde 25.2, ya pili 24, ya tatu 23.8, ya nne 23.4, na ya mwisho 23. Kila alivyokwenda ndivyo alivyoongeza. Aliyezisoma saa hizo hakushangaa mwezi uliofuata, pale Belmont, mbio zilipokuwa ndefu zaidi, maili moja na nusu. Secretariat alishinda kwa urefu wa farasi 31.

Lakini, ndugu msikilizaji, ukingo pekee hudanganya. Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliongoza tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali. Katika mzunguko wa mwisho John Walker wa New Zealand alimkaribia sana. Angekuwepo mtu mwenye saa ya kipande cha mwisho tu, angeapa kwamba mwenye mbio pale ni Walker. Lakini utepe aliukata Bayi kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker alipata 3:32.52, naye pia alikuwa ameivunja rekodi ya zamani. Bayi alikuwa ameweka akiba yake mbele, mwenzake aliiweka nyuma. Huwezi kuijua akiba ya mtu kwa kutazama senti zake za mwisho.

Watu wa delta ya Rufiji wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Muulize nahodha wa Nyamisati safari ya kwenda visiwani ndani ya mikoko inachukua saa ngapi. Hatakujibu. Atakuuliza kwanza: maji yanajaa au yanakupwa? Ni bamvua au maji mafu? Mashua ile ile, tanga lile lile, leo inafika upesi na kesho inakwama kwenye tope. Nahodha asiyeulizia maji, saa yake haina maana. Na farasi ni hivyo hivyo. Uwanja ulikuwa mkavu au umelowa? Walio mbele walikwenda taratibu, wote wakabaki na nguvu za kumalizia? Na pale Ngong, Nairobi, ambako farasi wamekuwa wakishindana tangu 1954, ziko mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili kuwasawazisha. Sekunde zile alizipata akiwa na mzigo gani mgongoni?

Sasa kwa nini nayasema haya, wakati Rufiji haina farasi? Mbung'o hawakuwaruhusu. Ni kwa sababu farasi wameingia kwa mlango mwingine.

Mwezi uliopita nilipita Kibiti kikazi. Hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Lindi nilikuta kibanda cha kubeti, vijana wamejaa, macho kwenye runinga. Farasi wanakimbia. Mbio zinakwisha, na baada ya dakika chache zinaanza nyingine. Kijana mmoja alikuwa na daftari la shule. Ameandika namba za farasi, nani alimalizia kwa nguvu, nani alikuwa wa mwisho akapanda hadi wa pili. Nilimuuliza anafanya nini. Akaniambia, "Mzee, huyu namba tano anakuja. Mara tatu amemalizia vizuri. Leo ni zamu yake." Fedha mkononi zilikuwa za ufuta wa mama yake.

Nilisikitika, si kwa sababu kijana yule ni mjinga. La hasha. Alichokuwa akikifanya ndicho wafanyacho mabingwa wa Marekani. Tatizo ni kwamba wale farasi si farasi. Ni picha zilizochorwa na kompyuta. Mashine huchagua mshindi kwa namba za bahati, kisha picha hutengenezwa ili zifuate jibu lililokwisha kupatikana. Namba tano hakuchoka jana, wala hakupumzika leo. Hana pafu, hana misuli, hana mzigo. Ule mwendo wa mwisho ni pambo. Kuuandika daftarini ni sawa na kupima kina cha bahari kwenye picha ya kalenda.

Na hesabu yenyewe iko wazi. Chukua mfano wa farasi wanane wenye bahati sawa. Ukiweka shilingi elfu moja kwa kila mmoja, umetoa elfu nane. Haki ingekuwa anayeshinda akulipe elfu nane. Mwenye mchezo akikulipa elfu saba, elfu moja imebaki kwake, na itabaki kila mzunguko. Kwa farasi wa kweli, mwenye akili anaweza angalau kujaribu kuifidia kwa kujua asichokijua mwenzake. Kwa farasi wa picha hakuna cha kujua. Kinachobaki ni kukatwa tu, mbio baada ya mbio, mchana kutwa.

Michezo hii inaruhusiwa kisheria, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu Sheria ya 2003. Anayetimiza miaka 18 ana hiari yake. Sisemi afungwe mtu. Ninasema kijana aelezwe anacheza nini. Bango linalomwambia ashinde lipo. La kumwambia kwamba mbio zilizopita hazina uhusiano wowote na zijazo, mimi sikuliona. Liwekwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za zawadi.

Nanyi wazazi wa Kibiti, Ikwiriri na kwingineko, mkimkuta mtoto ana daftari la namna hiyo, msilichane. Mwenye subira ya kuandika hivyo anaweza kuandika bei za ufuta mnada hadi mnada, au nyakati za maji na kiasi cha kamba wavuni. Huko namba za jana zinasema kitu kuhusu kesho. Mwambieni tu kwamba kabla ya kupima mbio, aulize kwanza kama anayekimbia ana miguu.