Dakika Tatu za Jadotville: Gita la Katanga na Santuri ya Jukwaani



Nimekuja kutetea hoja moja. Nasema kwamba santuri aliyoipiga Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo, yenye wimbo wa “Masanga”, ni ndugu wa damu wa zile santuri kubwa za bluzi na roki zilizorekodiwa jukwaani mbele ya watu. Na nasema pia kwamba ndugu huyu alinyimwa vitu viwili ambavyo wenzake walipewa, yaani muda na watu. Upungufu huo bado tunaweza kuupunguza, lakini wenye ujuzi wa gita la Katanga wanazidi kuzeeka.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 12 na 13 Machi 1971, The Allman Brothers Band walipiga muziki katika ukumbi wa Fillmore East, New York, huku kanda za kurekodi zikizunguka. Mwezi Julai zikatoka santuri mbili ndani ya jalada moja, At Fillmore East. Mpenzi wa bluzi-roki ukimwuliza santuri bora ya jukwaani, mara nyingi ataanza na hiyo. “Whipping Post”, wimbo wa kufungia, unajaza upande mzima kwa dakika 23. Wa kufungulia ni “Statesboro Blues”, na huo ndio unaonihusu zaidi, kwa sababu mwenyewe ni Blind Willie McTell, mpiga gita kipofu wa Georgia, aliyeurekodi mwaka 1928 akiwa peke yake na gita la nyuzi 12. Duane Allman aliuchukua miaka 43 baadaye, akautelezesha kwenye gita la umeme, na bendi nzima nyuma yake. Miezi michache baada ya santuri kutoka alikufa kwa ajali ya pikipiki, akiwa na umri wa miaka 24.

Kati ya McTell na Allman muziki ulibadilika, lakini hata chombo chenyewe kilibadilika, na jambo hili wanahistoria wa muziki hulipita haraka mno. Santuri ya zamani ya inchi 10 ilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India, uliochanganywa na vumbi la mawe. Ilikuwa nzito, ngumu, na ikianguka ilivunjika kama sahani ya udongo. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na mfereji wake mpana ulikuwa umekwisha baada ya dakika tatu hivi. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikaleta santuri ya vinili, inayozunguka mara 33 na theluthi moja, yenye mfereji mwembamba sana, na upande mmoja ukaweza kubeba dakika 20 na zaidi. Hapo ndipo mpiga gita alipoweza kufikiri hadharani kwa muda mrefu na fikra hiyo ikaingia sokoni. Bila vinili, dakika 23 za New York zingebaki kwenye masikio ya waliokuwa ukumbini.

Kitu cha pili ni watu. Sikilizeni Live at the Regal ya B.B. King, iliyorekodiwa tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, Chicago, mbele ya Wamarekani weusi wa mtaa ule. King anapiga noti moja, ukumbi unapiga kelele, naye anangoja. Anawaachia nafasi wamalize, kisha anajibu. Ukiziondoa zile sauti za wanawake, gita lake linakuwa kama mtu anayeongea peke yake kwenye simu. Wenzetu wa Kinshasa walibahatika kumwona Septemba 1974, katika tamasha la siku tatu lililoandaliwa kuandamana na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman.

Sasa turudi kwetu. Mji huu wa Lubumbashi ulizaliwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, na mikono ikaja kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, pamoja na watu wa hapahapa Katanga. Reli ilileta makaa na mashine, ikaleta pia gramafoni na magita. Katika kambi za wafanyakazi na katika mitaa ya Waafrika, vijana waliokulia kwenye likembe na ngoma wakalishika gita na kulifundisha lugha walizozijua tayari.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, na ndiyo maana baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara akirekodi muziki wa Waafrika, alimrekodi Jadotville mwaka 1952. Santuri ikatolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg kwa nembo ya Gallotone, na “Masanga” ikapewa tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Gallotone walikuwa pia wakiuza magita ya bei nafuu, na moja kati ya hayo lilifika Liverpool, mikononi mwa kijana aitwaye John Lennon, ambaye mwaka 1957 alikuwa nalo siku alipokutana na Paul McCartney. Ninawaambia hivi vijana wa roki mlioko hapa, ili msidhani kwamba historia yenu na ya Likasi ziliishi katika dunia mbili.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi za chini, bila kuyumba. Shahada inacheza juu, na mapigo yake hayaangukii pale unapoyangojea, kwa hiyo sikio linasikia wapigaji wawili waliokubaliana kutokubaliana. Mtu aliyemzoea Mississippi John Hurt, mzee wa bluzi ambaye naye dole gumba lake halikupumzika, atajikuta nyumbani mara moja. Mtafiti wa muziki David Rycroft alikaa na santuri za Mwenda, akaziandika noti kwa noti, na kuchapisha kazi hiyo mwaka 1961 na 1962. Kinachoonekana katika kazi ile ni kwamba Mwenda alikuwa na akiba ya vifungu, alivipanga, alivigeuza na kuvinyumbua kadiri mkono ulivyokuwa ukienda. Wimbo wake ni njia ya kuendelea, na mwisho wake uliwekwa na ukubwa wa santuri.

Najua kuna atakayeniambia: Mwalimu, pale Jadotville hapakuwa na jukwaa, hapakuwa na tiketi wala makofi, sasa unaiitaje ya jukwaani? Nitajibu kwa kurudi New York. Mtayarishaji Tom Dowd alizikata na kuziunga kanda za Fillmore East. “You Don't Love Me” tunayoisikia imeunganishwa kutoka maonyesho mawili. Sisemi hivyo kuipunguzia heshima santuri ile, maana ni kazi nzuri sana. Nasema tu kwamba kama kipimo cha muziki mubashara ni mtu kuamua papo hapo, kidole kikiwa tayari kwenye waya, basi dakika tatu za Mwenda zinatimiza kipimo hicho kwa ukali zaidi. Alianza, akacheza, akamaliza, na hicho ndicho kilichouzwa.

Lakini muziki huu haukuishi namna ile. Uliishi uani, penye pombe na harusi, na mwenzi wa mpiga gita akigonga chupa ya soda kushika mwendo, watu wakicheza, mwingine akidakia maneno ya wimbo, mwingine akitajwa jina na kujibu. Hapo gita halikufungwa na dakika tatu. Lilipiga mpaka wachezaji wachoke. Ndugu yake Mwenda, Edouard Masengo, alilijua jambo hili, na mpiga gita Losta Abelo pia. Santuri za shelaki zilituhifadhia ufundi wa vidole, lakini ule mwingiliano wa gita na watu haukuingia mferejini. Chicago ilipata santuri nzima ya vinili kuhifadhi kelele za watu wake. Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, haikupata.

Mwenda mwenyewe alikwenda mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, akisikika redioni, na wapiga gita wa Kenya wakamsikiliza kwa makini. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport Folk Festival huko Marekani, jukwaa lilelile ambalo John Hurt alilipanda mwaka 1963. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Na bendi za umeme? Zilikuwepo, ila zilihama. Super Mazembe ilianza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, ikapitia Zambia, ikafika Nairobi mwaka 1974 na kurekodi huko. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia, kwenye ukanda uleule wa shaba, vijana wa WITCH walikuwa wakipiga roki yenye gita la kukwaruza, na mwaka 1975 wakatoa Lazy Bones!!, ambayo leo wakusanyaji wa santuri Ulaya wanaitafuta kwa bei kubwa. Upande wetu, biashara ya kurekodi ilikaa Kinshasa, na Kinshasa ilitaka rumba. Sina ugomvi na rumba. Ninachosikitikia ni kwamba gita la vidole viwili lilionekana kuwa jambo la wazee kabla halijapata santuri hata moja ndefu yenye hadhira yake.

Kanda za Tracey zipo Makhanda, Afrika Kusini, katika International Library of African Music aliyoianzisha mwaka 1954. Zilitunzwa vizuri, nasi tunapaswa kushukuru. Lakini mwanafunzi wa chuo hiki hapaswi kuhitaji viza ili amsikie Mwenda ipasavyo. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 2000, umeonyesha kwamba chuo na wakazi wanaweza kukusanya pamoja kumbukumbu za mji, picha, vyombo vya nyumbani na masimulizi ya bana Shaba, yaani wana wa Katanga. Santuri zinastahili nafasi humo. Pamoja nazo, tuwarekodi wazee wanaobaki na mtindo huu, uani kwao, bila saa ukutani. Kipaza sauti kimoja kwa gita, kimoja kwa chupa, viwili kwa watu. Asiambiwe mzee amalize. Wanaocheza wasinyamazishwe, na kila aliyesikika alipwe na jina lake liandikwe.

Ninyi mlio na santuri za shelaki nyumbani, nawaomba mambo machache kabla hamjatuletea tuzinakili. Msizisafishe kwa spiriti wala pombe ya aina yoyote, kwa sababu shelaki huyeyuka ndani yake. Maji kidogo ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha, na karatasi ya katikati isiloe. Zisimamisheni wima, msizilaze moja juu ya nyingine. Msizipige kwa sindano ya vinili, ni nyembamba mno kwa mfereji ule, itatambaa chini kwenye uchafu na kuwapa mikwaruzo badala ya gita. Na hata iliyopasuka msiitupe. Vipande vikiwepo vyote, fundi anaweza kuviunganisha na kuupata wimbo uliomo.