Mtoto wa mwaka wa nane aambiwe ukweli

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, wazazi na walimu



Mara mingi tunawaita juu ya usalama, maji ao barabara. Leo tumewaita juu ya karatasi. Ni ile karatasi ambayo mtoto wa mwaka wa nane anaandika seksio atakayosoma kwenye humanite: sayansi, pedagoji, komersiali, elektrisite, mekanika, konstruksio, ushoni, ao kwenda ITM kusomea uuguzi. Mtoto huyo ana miaka 13 ao 14. Kwa mstari mmoja anaamua miaka ine ya masomo yake, na mara mingi anaamua pia kazi atakayofanya akiwa mtu mzima.

Nani anamsaidia kuandika huo mstari?

Kwa sheria ya shule zetu, kuna mshauri wa masomo, yule tunayemwita C.O. Na mwisho wa mwaka wa nane kuna TENASOSP. Tuangalie vizuri jina la huo mtihani: ni mtihani wa kuchagua na wa kuongoza, katika masomo na katika kazi. Kuchagua tunafanya: tunahesabu pointi, tunatangaza waliopita, watu wanashangilia. Lakini kuongoza kuko wapi? Nusu ya jina la mtihani imesahaulika.

Tunajua vile mambo yanaenda, maana sisi wenyewe tumetoka kwenye hizo shule. C.O. yuko langoni asubuhi, ana kiboko ao ana liste ya wale ambao hawajalipa. Anahesabu waliokosa, anajaza nafasi ya mwalimu aliye mgonjwa, anasaini biletini. Mwezi wa tano ukifika, anaingia darasani dakika 20 na kuuliza: "Wewe unaenda wapi? Na wewe?" Basi, kazi imeisha.

Hatusemi hivi kwa kumdharau. C.O. wengi bado ni NU, Serikali haijawaingiza kwenye liste ya mshahara, wanaishi na franga za wazazi. Wengine wana wanafunzi mamia, hawana ofisi, hawana hata kabati ya kuweka dosye. Lakini kuna kitu kikubwa kuliko ukosefu wa ofisi, na ndicho tumekuja kusema wazi.

Humanite hazimo ndani ya masomo ya bure. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure, lakini juu ya hapo mzazi analipa. Kwa hiyo kila mtoto anayebaki shuleni ni franga, na kila anayeondoka ni franga zinazoondoka. Sasa fikirini shule yenye seksio mbili tu, pedagoji na komersiali. Mtoto ana akili ya hesabu, nyumbani anafungua redio na kuifunga tena ikiwa inaimba. C.O. anaona wazi kama nafasi yake ni elektrisite, na hiyo seksio iko shule nyingine, ngambo ya mji. Atamwambia? Prefe atafurahi? Mara mingi mtoto anaambiwa: "Baki hapa, pedagoji pia ni masomo." Kweli ni masomo, tena tunahitaji walimu wazuri. Lakini huyo mtoto hakuongozwa, alizuiliwa.

Ndiyo maana tunasema: mtoto wa mwaka wa nane ana haki ya kushauriwa na mtu ambaye mshahara wake hautegemei jibu la mtoto.

Juu ya nini tunasisitiza uhandisi na kazi za afya? Tukumbuke Ebola. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Wote tunamjua Profesa Muyembe, na tunawakumbuka waganga na wauguzi. Lakini nyuma yao kulikuwa na wengine. Kulikuwa na watu wa labo waliopima damu usiku na mchana. Chanjo yenyewe ilitunzwa kwenye baridi kali, chini ya digri 60 za sifuri, katika miji ambako umeme unakatika kila siku. Mtu wa frigo na mtu wa jenereta, nao waliokoa watu. Ni wangapi kati yetu tuliambiwa shuleni kama hiyo pia ni kazi ya afya?

Mzazi akisikia afya, anasikia daktari ao muuguzi. Hajaelezwa kama ISTM inafundisha pia watu wa labo, wakunga, na wale wa mashini za kupiga picha za mwili. Hajaelezwa tofauti ya A2 wa ITM na A1 wa ISTM. Na kila mmoja wetu ameona hospitalini mashini imefunikwa kitambaa, imekufa, inangoja fundi. Huyo fundi anahitaji kujua elektroniki na kujua pia ile mashini inafanya nini kwa mgonjwa. Mtoto wa kufanya hiyo kazi yuko hapa mjini, lakini hakuna aliyemwambia kama iko.

Na wasichana wetu? Wanaelekezwa ushoni na pedagoji hata kabla ya mtu kuangalia pointi zao za hesabu. Thérèse Izay, mwanamke mhandisi, ndiye aliyetengeneza robo zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka wa 2013. Sandrine Mubenga, akiwa kijana kule Kikwit, alihitaji kupasuliwa haraka na hospitali haikuwa na umeme. Alipona, akasomea uhandisi wa umeme, akawa profesa University of Toledo, Marekani. Hospitali ilikosa umeme, na msichana aliyekuwa kitandani akawa mtu wa umeme. Tusimwambie tena msichana kama mekanika ni ya wanaume.

Wandugu, tunaomba mambo ya kufanyika.

Kwa Serikali na kwa PROVED: C.O. alipwe na Serikali, aondolewe langoni na kwenye mambo ya franga. Na kila mwaka, kabla ya TENASOSP, itolewe liste ya wazi ya seksio zote za mji: ziko shule gani, atelye ao labo iko ao haiko, na mzazi atalipa ngapi mpaka diplome.

Kwa shule: mtoto afuatwe tangu mwaka wa saba, siyo wiki ya mwisho. Pointi zake za hesabu, za sayansi na za teknolojia ziandikwe kwenye dosye, pamoja na vitu anavyopenda kufanya. Apelekwe walau mara moja kuona atelye na labo. Na mwisho wa mwaka wa kwanza wa humanite, C.O. arudi kumuuliza: unaendelea vizuri, ao tulikosea nafasi? Kubadilisha hapo ni rahisi kuliko kungoja Exetat.

Kwa wazazi: COPA ni yenu. Muulize kwenye mkutano: C.O. wetu anafanya kazi gani? Na mtoto akisema anataka seksio ambayo hamuijui, musikatae mbele ya kuuliza.

Na sisi vijana, tusingojee wakubwa. Wewe unayesoma ISTA, wewe wa ISTM, wewe fundi wa moto, wewe unayefanya labo: rudi kwenye shule uliyotoka. Omba prefe saa moja kwa darasa la nane. Useme kazi yako ni nini, ulisoma miaka mingapi, ulilipa ngapi, nini ilikushinda. Usidanganye, usijisifu. Hiyo saa moja inaweza kuwa ndiyo saa pekee mtoto amesikia ukweli mbele ya kuandika ule mstari.

Inchi hii inatafuta wahandisi na watu wa afya mbali, kumbe wengine wamekaa kwenye banki za mwaka wa nane. Karatasi watapewa hivi karibuni. Tuwafikie mbele yake.